Breki zinatetemesha usukani, diski mpya zimedumu miezi mitatu tu. Ninunue tena?

Korosho Ghafi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nipo Mtwara mjini, pande za Chuno. Gari ni Toyota Runx ya 2003, otomatiki, mbele diski, nyuma dramu. Naomba mnisome hadi mwisho maana hiki kitu kimeshanila hela mara moja.

Mwaka jana, msimu wa korosho unaishia, nilianza kuhisi usukani unacheza mikononi nikikanyaga breki kwenye 80 kwenda juu. Nisipokanyaga, gari limetulia kama maji ya mtungini. Fundi akalizungusha raundi moja njia ya Mikindani, akarudi na hukumu: "Diski zimepinda, badilisha." Sikubisha. Nikaagiza Kariakoo, zikaja na basi, pea ya diski na pedi zake, 230,000 pamoja na nauli ya mzigo. Akafunga chini ya saa moja, gari likawa tamu.

Miezi mitatu. Kama kilomita elfu tano hivi, maana huwa napanda Newala kumwona mama, kisha nashuka Masasi kwenye shughuli zangu. Wiki iliyopita nipo kwenye ule mteremko wa kutoka Newala, nakanyaga breki, usukani ukatetemeka hadi miwani ikanishuka puani. Fundi yule yule sasa anasema zile diski zilikuwa feki, nitafute orijino.

Ninunue tena, nikereze hizi, au kuna kitu kingine hakionekani?

Ngongo Express

Mkuu acha ubahili. Breki ni uhai. Weka orijino, ulale usingizi.

Bwana Kerezo

Usinunue. Peleka kwenye mashine ya kukereza, wanachukua ngozi kidogo, diski inarudi mpya. Mimi nimekereza mara tatu kwenye Noah na bado nadunda nayo.

Ngongo Express

Mara tatu? Hiyo siyo diski tena kiongozi, ni sahani ya bati.

Mzee Kalipa

Kijana, kabla hujawasikiliza hao wawili, nijibu mambo machache. Kinachotetemeka ni usukani, au ni kiti na sakafu? Pedeli inakusukuma mguu? Na siku anafunga diski mpya, fundi alisugua ile sehemu diski inapokalia, au alitoa ya zamani akabandika mpya papo hapo?

Korosho Ghafi

Shikamoo mzee. Ni usukani, na pedeli inapumua mguuni kwa mbali, kama inahema. Kiti kimetulia. Kusugua sikumwona akisugua. Aligonga ya zamani kwa nyundo maana ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu, akapachika mpya. Nati akakaza kwa kusimama juu ya spana.

Mzee Kalipa

Marahaba. Basi umeshajijibu nusu.

Usukani ukicheza, tazama mbele. Kiti kikicheza, tazama nyuma. Likitetemeka hata bila kukanyaga breki, achana na breki kabisa, katafute balansi ya tairi, rimu iliyogonga shimo, au shafti. Wewe ni mbele, na ni breki.

Sasa hili neno "diski imepinda". Mafundi wengi tunalitumia kwa sababu mteja analielewa haraka. Diski ni chuma cha kusubu, kizito, hakijikunji hovyo kama mfuniko wa sufuria. Mara nyingi mwenye gari anachokisikia ni unene kutofautiana: mahali diski ni nene, mahali imeliwa kidogo. Pedi zinapobana, kila sehemu nene ikipita zinasukumwa nje, ikipita nyembamba zinarudi. Hilo ndilo linalopumua mguuni mwako. Tofauti ya mikroni ishirini, yaani 0.02 mm, inatosha kukusumbua kwenye mwendo. Jicho haliioni, kidole hakiigusi.

Unene unakuja kutofautiana kwa nini? Hapa ndipo pesa yako ilipopotelea. Diski inakalia uso wa habu, kile kitovu chenye bolti za kufungia tairi. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, na habu inaota kutu yenye vipele. Ukibandika diski mpya juu ya kipele, inakaa upande. Kipele kidogo pale katikati, kikifika ukingoni mwa diski ambako duara ni kubwa, kimeshakuzwa. Kwa gari nyingi za namna hiyo kuyumba kunakoruhusiwa ni kama 0.05 mm, nusu ya unene wa karatasi ya daftari.

Na diski inayoyumba haitetemeshi siku hiyo hiyo. Gari linatoka gereji likiwa safi. Lakini kila mzunguko ile sehemu iliyojitokeza inaikwaruza pedi hata kama hujakanyaga, inaliwa kidogo kidogo, kilomita elfu kadhaa zinapita, ndipo unene unatofautiana na usukani unaanza kucheza. Miezi mitatu yako hiyo. Diski huenda hazikuwa feki hata kidogo. Ukinunua orijino ukazibandika juu ya kutu ile ile, miezi mitatu mingine utarudi hapa na uzi mpya.

Bwana Kerezo

Mzee umeongea. Ila vipi kuhusu maji? Vijana wa kuosha magari wanamwagia diski ikiwa bado ya moto. Si ndiyo inapinda?

Mzee Kalipa

Si tabia nzuri, chuma cha moto hakipendi maji ya baridi, kinaweza hata kupasuka. Lakini kwa niliyoyaona mimi, lawama kubwa ni kutu ya habu, nati zilizokazwa upande, na kuganda kwa pini ambazo kalipa, kile kibanio cha pedi, hutelezea. Na la nne ni dereva mwenyewe: anashuka mlima mzima na D, mguu juu ya breki, anafika chini pedi zinanuka, anasimama kununua embe huku ameikandamiza pedeli. Pedi ya moto inaacha alama yake pale pale kwenye diski. Sikusemi wewe, mleta uzi.

Korosho Ghafi

Mzee umenisema mimi kabisa. Ila ni mihogo, siyo embe.

Ngongo Express

😂😂 Naweka kambi hapa.

Mlinzi wa Lango

Samahani mzee wangu, la kwangu ni tofauti kidogo. Njia ya changarawe nikikanyaga ghafla, pedeli inagonga mguu trrrrr. Diski pia?

Mzee Kalipa

Hapana, hiyo ni ABS inafanya kazi yake, tairi lilitaka kuteleza likazuiwa. Ikigonga hivyo kwenye lami kavu, unakanyaga taratibu, hapo ndipo uje tuongee.

Korosho Ghafi

Mzee nataka kuifanya mwenyewe Jumamosi, shemeji yangu ana jeki na stendi. Nianzie wapi?

Mzee Kalipa

Weka stendi, usilale chini ya jeki peke yake. Toa tairi, toa kalipa uining'inize kwa waya, usiiache ibembee kwenye mpira wake wa mafuta. Kisha rudisha nati kwenye diski, chini yake uweke washa, vile vibati vya duara, uzikaze kwa usawa ili diski ikae kama inavyokaa na tairi. Azima dayo geji, ile saa ya sindano inayopima kuyumba, kwa wenye mashine za chuma, uifunge mahali pasipocheza, ncha iguse diski karibu na ukingo, zungusha taratibu. Piga chaki pale sindano inapopanda zaidi, kwenye diski na kwenye habu.

Halafu toa diski, izungushe nusu duara, rudisha, pima tena. Mahali pa juu pakihama pamoja na chaki ya diski, mgonjwa ni diski. Pakibaki kwenye chaki ya habu, mgonjwa ni habu au kutu iliyo juu yake. Mtihani huu ni wa bure.

Unene pima kwa maikromita, sehemu nane kuzunguka duara. Ukingoni mwa diski kuna namba imegongwa, ndogo, inaanza na MIN. Hiyo ndiyo inaamua kama diski inaishi au inakufa. Siyo mimi, siyo fundi wako, siyo muuza spea.

Dada wa Mitwero

Kaka samahani naingilia uzi wako. Mimi niko Lindi, gari langu lilikaa miezi minne limeegeshwa, nyumba yetu iko karibu na bahari. Tangu nilianze tena, nikikanyaga breki kinachotetemeka ni kiti. Fundi anataka nibadilishe diski za mbele. Baba Mzee Kalipa, shikamoo, nimkubalie?

Mzee Kalipa

Marahaba mwanangu. Usimkubalie kwanza. Wakati wa kuliegesha uliacha hendibreki imevutwa?

Dada wa Mitwero

Ndiyo, kuna mteremko kidogo pale uani.

Mzee Kalipa

Tafuta mahali peupe pasipo na watu, barabara kavu, mwendo wa 40 hivi. Vuta hendibreki polepole huku umekibonyeza kile kitufe chake muda wote, isije ikanasa. Ukisikia kiti kinatetemeka vile vile, tatizo liko nyuma kwenye dramu. Gari likikaa karibu na bahari na hendibreki juu, viatu vya breki vinagandana na dramu, na kutu inaacha mchoro wake hapo. Dramu nayo ina namba imegongwa, ila yake ni kipimo cha juu: ikiliwa inapanuka. Ikiwa bado ndani ya kipimo inakerezwa, ikipita inatupwa.

Na siku nyingine egesha kwenye P, weka jiwe chini ya tairi, hendibreki iache chini.

Dada wa Mitwero

Nimejaribu leo asubuhi. Kiti kimecheza kama niko kwenye trekta! Asante sana baba. Diski za mbele nimezinusuru.

Korosho Ghafi

Wakuu narudi na mrejesho, Jumamosi imeisha na mikono yangu bado myeusi.

Kulia, dayo geji ilionyesha kuyumba 0.14 mm. Nikageuza diski nusu duara kama mzee alivyosema. Sindano ikapanda pale pale kwenye chaki ya habu. Nikatoa diski nikaangalia kwa tochi ya simu. Kuna ganda la kutu la kahawia nyekundu, limekaa kama ukoko wa wali, na katikati yake duara ya alama mpya inayong'aa mahali diski ilipokuwa imelalia upande mmoja tu. Shemeji akalikwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa. Likawa linatoka vipande, mengine yamejificha kuzunguka shina la kila bolti ambako brashi haifiki, hayo tuliyachokonoa kwa bisibisi ndogo. Kama dakika arobaini kwa habu moja. Tukafuta, tukapima: 0.04.

Cha pili ni pini za kalipa ya kulia. Ya chini imeganda, tuliizungusha kwa koleo hadi ikatoka na grisi nyeusi ngumu kama lami. Pedi ya ndani imebaki milimita 4, ya nje 8. Pedi za miezi mitatu hizo!

Kushoto kuyumba kulikuwa 0.06, tukasugua ikashuka. Pini nzima.

Unene: diski imegongwa MIN 23 mm. Kulia inasoma kati ya 24.57 na 24.60 kutegemea mahali. Kushoto tofauti ni ndogo sana. Sasa mzee, habu nimesafisha, tofauti ya 0.03 bado ipo. Inunuliwe au ikerezwe?

Bwana Kerezo

Nilisema mimi. 😎

Mzee Kalipa

Bwana Kerezo leo umepata, lakini ulipata kwa kubahatisha. Angeikereza kabla ya kusafisha habu, angerudisha diski nzuri juu ya ukoko wa wali.

Kijana, diski ina 24.57, mwisho ni 23. Kuondoa tofauti hiyo utakata labda milimita robo kwa jumla. Utabaki na 24.3, bado una safari ndefu. Kereza. Kereza zote mbili, siyo kulia peke yake, ili breki za pande mbili zishike sawa. Simama pale pale anapokata: diski ifungwe kwenye mashine bila kuyumba, aikate pande zote mbili, mwendo wa mwisho uwe mwembamba na wa taratibu. Mashine iliyochoka itakurudishia diski mbaya kuliko uliyompelekea.

Ungeniambia iko 23.2, ningesema nunua, maana ukishakata umeifikisha kaburini. Ningesema nunua pia kama ingekuwa na ufa unaofika ukingoni, mfereji unaonasa ukucha, au madoa ya bluu. Hayo ya bluu yawaogopeni. Ni chuma kilichoungua kikawa kigumu hadi ndani. Ukikereza unatoa ngozi ya juu, ule ugumu unabaki, sehemu laini zinaliwa na ugumu unajitokeza tena. Pesa ya kukereza diski ya namna hiyo ni heri ununue samaki.

Pedi za kulia zimekwisha habari, nunua seti mpya ya mbele yote. Pini tumia grisi maalumu ya breki isiyodhuru mpira. Grisi ya beringi inavimbisha zile raba na pini zinaganda upya.

Nati: mguu usiguse spana. Kaza kwa kuruka, hii na inayoitazama, kwa awamu mbili au tatu. Kwa gari hilo ni 103 Nm. Huna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza? Spana ya sentimita 30, ukisukuma kwa mkono kwa uzito kama wa kilo 35 kwenye ncha, umekaribia.

Mlinzi wa Lango

Mzee, wengine hatuna maikromita wala wa kutuazima. Vania ya kawaida, kile kipimo cha mdomo, haitoshi?

Mzee Kalipa

Kwa tofauti ya unene haitoshi. Kwa kujua kama umefika MIN inatosha, ila ina mtego. Diski iliyotumika huota kingo pale pedi zisipofika, na mdomo wa vania unakalia hizo kingo, unakudanganya kuwa diski ni nene. Chukua sarafu mbili za shilingi 200. Zipime zikiwa pamoja, andika. Kisha weka moja kila upande wa diski, ndani ya eneo linaloliwa na pedi, pima vyote, toa ile namba ya kwanza.

Ngongo Express

Hii ya sarafu nimeiiba mzee. Kumbe nilikuwa napima kingo miaka yote.

Korosho Ghafi

Mrejesho wa mwisho wakuu.

Kukereza diski mbili 40,000, pedi 45,000, grisi na brashi 12,000. Jumla 97,000 na soda ya shemeji. Nilisimama pale kwenye mashine hadi jamaa akaniuliza kama namdai. Jumapili alfajiri nikazizoesha pedi: natoka 60 nakanyaga kwa wastani hadi 15, naachia kabla gari halijasimama, mara kumi, kisha natembea bila kukanyaga zipoe.

Jana nimetoka Newala kushuka Masasi. Nimeweka gia ya 2 kuanzia juu, injini inalia, lori la nyuma linanipigia taa, nimelipisha. Breki nakanyaga, naachia. Usukani haukutikisika. Miwani imekaa ilipo. Chini nimesimama kwa mihogo kama kawaida, ila nimeweka P na mguu nimeutoa.

Dada wa Mitwero

Hongera kaka! Yangu dramu imekerezwa, iko poa. Swali la umbea: zile diski zako za kwanza kabisa, zilizosemwa zimepinda, ziko wapi?

Korosho Ghafi

Dada umenigusa kidonda. Nilimwachia fundi kama chuma chakavu. Baada ya swali lako nimepita gereji leo jioni. Moja haipo. Nyingine iko nje, mama anayeuza chapati pale mlangoni ameiweka chini ya mguu wa mwavuli wake isipeperushwe na upepo wa bahari.

Nikaomba radhi, nikachutama na vania na sarafu zangu mbili, wateja wananiangalia. Nimepima mara tatu. 24.2. Kwenye ukingo, chini ya unga wa ngano, imeandikwa MIN 23.

Mama kasema nikimletea tofali moja zima niichukue. Kesho nampelekea.